Nani Aliyechelewa: Mwanafunzi au Serikali?



Kuna neno moja lililozoeleka mno katika afisi za usajili za vyuo vikuu vyetu vya umma, nalo ni hili: "Umechelewa." Huambiwa kijana anayefika langoni mwezi wa Januari akiwa ameshika barua ya kuitwa ya mwezi wa Agosti. Huambiwa mzazi aliyeuza ng'ombe, akakopa katika chama, akasimamishwa mbele ya waumini Jumapili ili wamchangie, na bado pesa zikapungua. Neno lenyewe hutamkwa kwa ukavu, na anayelitamka hana habari na safari iliyomleta huyo aliye mbele yake. Mimi ni wakili, na kazi yangu imenizoeza kutokubali shtaka kabla ya kuuliza maswali. Nani hasa aliyechelewa? Na kuchelewa huko kulianzia wapi?

Dai langu ni hili, nami niko tayari kulitetea mbele ya msajili yeyote: kijana wa Kenya anayeanza shahada yake katikati ya mwaka wa masomo, mara nyingi hakuchelewa. Alicheleweshwa. Aliyemchelewesha ni dola, ambayo ndiyo yenye chuo, ndiyo yenye mtihani, ndiyo yenye mkopo na ndiyo yenye kalenda. Kisha dola hiyo hiyo humgeukia na kumtoza faini.

Ugonjwa huu una historia, na wasomaji wetu wa umri mkubwa wanaijua kuliko ninavyoijua mimi. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Siku hizo ndicho kilichokuwa chuo kikuu cha pekee cha umma nchini, pamoja na chuo chake kishiriki cha Kenyatta. Waliopita mtihani wa kidato cha sita wakati huo wakabaki nje, na waliowafuata wakaja kurundikana nyuma yao. Mwaka 1984 wakawekewa kituo kingine njiani, yaani mafunzo ya lazima katika Huduma ya Vijana kwa Taifa kabla ya kukanyaga chuoni. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Moi kikaanzishwa, Kenyatta kikajitegemea mwaka 1985, Egerton mwaka 1987. Lakini mfumo wa 8-4-4 ulikuwa umekwisha kuanza mwaka 1985, na mwaka 1989 nchi ikajikuta na mitihani miwili kwa pamoja: ule wa mwisho wa kidato cha sita na ule wa kwanza wa KCSE. Mwaka 1990 makundi hayo mawili yakaelekea lango moja.

Yaliyofuata yanajulikana. Mabweni yalifurika. Mwaka 1991 serikali ikaanza kuwatwisha wanafunzi sehemu ya gharama, na migomo ikajibiwa kwa kufuli. Wahadhiri waliotaka tu kusajili chama chao waligoma kuanzia mwishoni mwa 1993 hadi ndani ya 1994, na chama hicho hakikusajiliwa mpaka mwaka 2003, baada ya utawala kubadilika. Kila lango lilipofungwa kalenda ilivunjika, na kila kalenda ilipovunjika, foleni ya nje ilirefuka kwa mwaka mwingine.

Kizazi changu kiliurithi mrundiko huo. Sisi tuliofanya KCSE mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikaa nyumbani takriban miaka miwili kabla ya kuvuka lango la chuo cha umma. Wenzetu wengine walifundisha shule za msingi bila cheti, wengine wakauza mitumba Gikomba, na wasichana wengine wakaozwa kwa sababu tu barua haikuja upesi. Hakuna afisa aliyesimama akasema kwamba serikali imechelewa. Tuliambiwa tuwe na subira, kwa kuwa nafasi hazipo.

Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha mpango wa wanafunzi wa kujilipia karo yote, na vyuo vingine vya umma vikafuata. Hapo ndipo siri ilipofichuka. Kumbe nafasi zilikuwapo! Kumbe wahadhiri walikuwapo, na madarasa yaliweza kutumiwa jioni na Jumamosi! Kijana aliyepata alama za chini kuliko jirani yake, lakini baba yake ana mali, aliingia chuoni bila kusubiri, akamaliza mwaka wa kwanza hali jirani yake bado anangoja barua ya serikali. Miaka miwili ya ujana ilikuwa na bei, na bei hiyo iliandikwa kwenye fomu ya karo. Sisemi kwamba waliojilipia walikosa. Wengi wao ni mawakili, wahandisi na walimu wazuri, na baadhi ya wazazi wao waliuza mashamba ili kuzipata pesa hizo. Nasema kwamba tangu siku ile hakuna msajili anayeweza kuniambia kuwa kalenda ya chuo kikuu ni jiwe lisilosogezwa.

Nataka hapa nitende haki kwa waliofanya vizuri. Foleni ile ya miaka miwili imeondolewa. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 vyuo vilipokea makundi mawili katika mwaka mmoja ili kuumaliza mrundiko, na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 ikaunda KUCCPS, chombo cha kuwagawia wanafunzi nafasi, mahali pa ile bodi ya zamani iliyokuwa mikononi mwa wakuu wa vyuo. Mtahiniwa wa KCSE ya 2024 alipata matokeo yake tarehe 9 Januari 2025, na kufikia Septemba alitarajiwa kuwa darasani. Hayo ni maendeleo, nami siyabezi.

Lakini foleni haikufa. Ilitoka kwenye nafasi ikahamia kwenye pesa, na huko haionekani kwa urahisi, kwa sababu kila aliyemo husimama peke yake nyumbani kwao.

Chini ya utaratibu wa zamani, mwanafunzi aliyeitwa na serikali alijua tangu mwanzo kwamba karo ya masomo atakayodaiwa, katika kozi nyingi, ni kama shilingi 16,000 kwa mwaka. Zilikuwa pesa ndogo? Kwa familia ya kibarua hazikuwa ndogo, lakini zilijulikana, na kinachojulikana huweza kutafutwa mapema. Mwaka 2023 ukaletwa mfumo mpya. Ufadhili ukatenganishwa na mkopo, umaskini wa kila mwanafunzi ukaanza kupimwa kwa mtambo, kisha mwanafunzi akatiwa katika kundi linaloitwa bendi. Katika mpangilio wa bendi tano uliotumiwa mwaka 2024, familia ya bendi ya kwanza ilitakiwa kulipa asilimia 5 ya gharama ya kozi, na familia ya bendi ya tano asilimia 40. Mtu aweza kusema kwamba mwenye nacho alipe zaidi, nami singempinga. Ubaya ni kwamba gharama yenyewe hutofautiana kozi hadi kozi, na katika baadhi ya kozi hufikia mamia ya maelfu ya shilingi kwa mwaka. Kijana hajui atadaiwa nini mpaka mtambo umjibu, na mtambo humjibu unapotaka.

Na ili mtambo umjibu, lazima kwanza aulishe karatasi. Hutakiwa nambari za mitihani, vitambulisho vya wazazi, na cheti cha kifo kwa aliyefiwa. Yatafakarini maneno hayo: cheti cha kifo. Yatima wa Turkana aliyelelewa na nyanya yake, ambaye wazazi wake walizikwa bila chifu kuandika chochote, akitafute wapi cheti hicho katika wiki chache za maombi? Na kijana wa Garissa, Wajir au Mandera, ambaye hadi Februari 2025 alikuwa akipitishwa mbele ya kamati za uhakiki kabla ya kupewa kitambulisho ambacho mwenzake wa Nyeri hukipata bila maswali, je, huyo naye tumwambie alizembea? Kuchelewa kwake kulianza siku aliyozaliwa mahali ambapo serikali haikufika.

Tangu matokeo ya KCSE yatangazwe Januari hadi siku ya kuripoti chuoni ni karibu miezi minane. Miezi minane! Katiba yetu inataka matokeo ya kura ya rais, ya nchi nzima, kutoka kila kituo kuanzia Vanga hadi Lokichoggio, yatangazwe ndani ya siku saba. Nchi inayojitwisha hesabu hiyo kwa siku saba yashindwaje kumwambia mtoto wa mkulima, kwa miezi minane, kwamba mkopo wake ni kiasi fulani na utafika tarehe fulani?

Wakubwa hujibu kwamba wameagiza mwanafunzi asirudishwe nyumbani kwa sababu ya karo. Maagizo hayo tumeyasikia mara kwa mara. Agizo la kwenye runinga si sheria. Msajili wa chuo chenye madeni ya mabilioni, ambacho hakijapokea pesa kutoka Hazina na kinadaiwa malimbikizo ya mishahara na wafanyakazi wake, hulisikiliza agizo hilo saa tatu usiku na kulisahau saa mbili asubuhi. Wala simlaumu msajili peke yake. Naye ameachiwa mzigo usio wake.

Nitatoa mfano mmoja, nikificha majina yote kwa sababu za kikazi. Binti mmoja kutoka Kitui alinijia na barua mbili ndani ya bahasha moja. Ya kwanza ilimwita chuoni kusomea ualimu wa hisabati na kemia. Ya pili ilimwambia kwamba muda wa usajili umekwisha, na kwamba aahirishe masomo hadi mwaka ufuatao. Kati ya barua ya kwanza na ya pili hakuwa amelala. Alikuwa ameomba ufadhili, akatiwa bendi ambayo familia yake haikustahili, akakata rufani, akangoja jibu, na jibu lilipokuja usajili ulikuwa umefungwa. Juma hilo hilo gazetini palikuwa na tangazo la chuo kile kile, likiwaalika wanafunzi wa kujilipia kuanza masomo mwezi wa Januari. Nilimwonyesha. Alilisoma mara mbili, kisha akaniuliza, "Wakili, kwani hao wa Januari watafundishwa na walimu wengine?"

Hilo ndilo swali ambalo makala haya yote yanajaribu kuliuliza, na binti yule aliliuliza kwa sentensi moja.

Tuliandika barua kwa chuo tukidai sababu za maandishi. Baada ya barua ya tatu binti alikubaliwa kuingia Januari, "kwa hisani", na akatozwa ada ya kuchelewa. Lakini tusidhani kwamba shida ilikomea langoni. Anayeanza katikati ya mwaka huingia nyumba ambayo wengine wamekwisha gawana vyumba. Mabweni yalikuwa yamejaa tangu Septemba, kwa hiyo alikodi chumba nje ya chuo kwa pesa zilizokusudiwa chakula. Masomo ya muhula wa pili yamejengwa juu ya yale ya muhula wa kwanza: alikuta wenzake wanafanya hisabati ya pili, yeye hajaiona ya kwanza. Ile ya kwanza ataifanya mwaka unaofuata, pamoja na wanafunzi walio nyuma yake, katika saa zinazogongana na masomo yake ya mwaka wa pili. Shahada ya miaka minne itakuwa ya miaka mitano. Mkopo wake utalipwa kuanzia mwaka mmoja baadaye, mshahara wake wa kwanza utakuja mwaka mmoja baadaye, na ndugu zake wanaomtegemea wangojee mwaka huo. Nani atamfidia?

Najua hoja ya upande wa pili, kwa sababu nimeisikia ikitolewa na wahadhiri ninaowaheshimu. Husema kwamba kumwingiza mwanafunzi katikati ya mwaka ni kumdhulumu. Kwamba elimu ina mpangilio. Kwamba kanuni za vyuo vingi hutaka mwanafunzi awe amehudhuria walau theluthi mbili ya vipindi kabla ya kufanya mtihani. Kwamba shahada isiyo na msingi ni aibu kwa chuo na hatari kwa jamii. Hoja hii ina uzito. Sitaki daktari aliyeruka mafunzo ya maungo ya mwili, wala mhandisi wa daraja aliyeanza na somo la pili. Katika kozi ambazo mwaka mzima hufungamana, kama udaktari, nakubali kwamba asiyekuwapo mwanzoni hana budi kungojea mwanzo mwingine.

Lakini hoja hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kama wanaoitoa wangeitumia kwa kila mtu. Vyuo vikuu vyetu vingi, vya umma na vya binafsi, hutangaza mwanzo wa masomo mara mbili au tatu kwa mwaka, Januari, Mei na Septemba. Masomo yamegawanywa kwa mihula ili jambo hilo liwezekane. Kwa hiyo Januari ni mwanzo halali kwa anayelipa karo kamili, na papo hapo Januari ni uzembe kwa aliyeitwa na serikali akanyimwa pesa na serikali. Mlango ni mmoja, mwezi ni mmoja, darasa ni moja. Mmoja hukaribishwa kwa tangazo la rangi gazetini, mwingine hutozwa faini. Kama mwanafunzi wa Januari hudhulumiwa kielimu, basi chuo kiache kuuza dhuluma hiyo kwa matajiri. Na kama hadhulumiwi, afunguliwe pia mtoto wa Kitui.

Wala vyuo vya makanisa yetu visijifiche nyuma ya vile vya serikali. Navyo hupokea wanafunzi Januari, na vyajua vizuri jinsi ya kuwapanga. Nadra sana, hata hivyo, kusikia nafasi chache za Januari zikiwekwa wakfu kwa waliokosa kusajiliwa Septemba kwa ajili ya umaskini.

Tuje sasa kwenye mwaka 2025, kwa sababu mwaka huo uliyaanika yote. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliripoti katika vyuo vya umma mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba. Wazazi walihimizwa wasichelewe. Magodoro yalifungwa juu ya matatu, ndoo mpya zikanunuliwa, karo ikachangwa kwa haraka ile tunayoijua. Tarehe 17 Septemba wahadhiri na wafanyakazi wa vyuo wakagoma, wakidai shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa 2017 hadi 2021 ambazo serikali ilikuwa haijazilipa. Mgomo ukaendelea hadi tarehe 5 Novemba. Siku 49! Wengine walirudi nyumbani, wengine walikaa mabwenini bila somo wakila akiba yao. Walioharakishwa kwa vitisho wasichelewe hata kwa juma moja walianza masomo yao kwa kweli mwezi wa Novemba, na kalenda ikapangwa upya.

Simlaumu mhadhiri. Mtu aliyefanya kazi hana budi kulipwa, na deni la mwaka 2017 linalodaiwa mwaka 2025 ni aibu ya mwenye kudaiwa. Ninachotaka mkione ni hiki. Serikali ilipochelewa siku 49, hakuna aliyeitoza ada ya kuchelewa. Hakuna aliyeiambia iahirishe hadi mwaka ujao. Mihula ilisogezwa, mitihani ikasogezwa, na wala hakuna aliyesema kwamba msingi wa elimu umebomoka. Basi kumbe inawezekana! Kinachoweza kufanywa kwa ajili ya uzembe wa Hazina kinashindikanaje kufanywa kwa ajili ya msichana mmoja ambaye mkopo wake ulikawia kwa wiki tatu?

Wapo watakaoniambia kwamba haya ni mambo ya huruma, na kwamba huruma haina mahali katika sheria. Nawajibu kwa sheria. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya elimu. Kifungu cha 55 huiamuru dola ichukue hatua kuhakikisha kwamba vijana wanapata elimu na mafunzo yanayofaa. Kifungu cha 47 humpa kila mtu haki ya kutendewa na afisa wa utawala kwa upesi, kwa ufanisi, kwa kufuata sheria, kwa busara na kwa utaratibu wa haki. Na haki yake ikiguswa vibaya, apewe sababu kwa maandishi. Neno la kwanza katika orodha hiyo ya Kifungu cha 47 ni upesi. Waliotunga Katiba hawakumwambia mwananchi awe mwepesi. Waliliambia dawati.

Na pale dola inapojitetea kwamba haina pesa, Kifungu cha 20 huitaka yenyewe ithibitishe kwamba hazipo. Mzigo wa ushahidi si wa yatima. Ningependa siku moja kumwona afisa wa Hazina akiapishwa kizimbani na kueleza, chini ya kiapo, zilikokuwa pesa za mikopo mwezi wa Septemba.

Mfumo wenyewe umekwisha kufikishwa mahakamani. Tarehe 20 Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mfumo huu wa kugharamia wanafunzi ni kinyume cha Katiba, kufuatia kesi iliyoletwa na watetezi wa haki na wanafunzi. Mwaka 2025 Mahakama ya Rufani ikasimamisha utekelezaji wa hukumu hiyo. Mawakili twaweza kubishana juu ya hukumu hizo hadi uzee. Mwanafunzi hana nafasi ya kungoja ubishi wetu, kwa sababu kila mwaka tunaobishana kuna waliofika langoni wakakuta kufuli.

Basi tudai nini? Tudai kwamba barua ya nafasi na barua ya pesa zitoke siku moja. Haina maana kumwambia mtu amepata kiti cha ndege bila kumwambia nauli. Tudai kwamba muda wa usajili usianze kuhesabiwa juu ya mwanafunzi yeyote mpaka pesa zake ziwe zimetolewa, na aliyekata rufani ya bendi mpaka rufani yake ijibiwe. Tudai kwamba aliyecheleweshwa na dola aingie Januari kwa haki yake, bila faini na bila neno hilo "hisani", na chuo kimfundishe masomo aliyoyakosa wakati wa likizo ndefu ili amalize pamoja na wenzake. Gharama ya mafunzo hayo ya likizo ilipwe na aliyemchelewesha. Kuna atakayesema ni gharama kubwa. Haizidi gharama ya kupoteza mwaka mzima wa mwalimu wa hisabati katika nchi ambayo shule zake za vijijini zina walimu wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Kwa upande wetu, naomba tuache kitu kimoja ambacho tumekifanya kwa nia njema kwa miaka mingi. Harambee za karo kanisani zimewaokoa wengi, nami sisemi zikome. Lakini kila tunapochanga kwa haraka mwezi wa Septemba ili kufidia mkopo uliochelewa, twalilipa deni la serikali na kuificha aibu yake. Tukichanga, tuandike. Kila parokia, kila ushirika, kila kikundi cha haki mtaani kiwe na daftari, na ndani yake ziandikwe tarehe: siku mwanafunzi aliyoomba ufadhili, siku aliyojibiwa, bendi aliyotiwa, siku aliyokata rufani, siku pesa zilipofika chuoni, siku usajili ulipofungwa, na kiasi cha faini aliyotozwa. Mahakamani kilio cha mtu mmoja hujibiwa kwa kuambiwa ni ajali. Daftari la watu mia tatu kutoka kaunti kumi halijibiwi hivyo.

Kabla ya mahakama ipo Tume ya Haki ya Utawala, ambayo hupokea malalamiko dhidi ya afisi za umma bila malipo. Anayeona haki yake ya msingi imevunjwa aweza pia kwenda Mahakama Kuu chini ya Kifungu cha 22, na Katiba yasema hatatozwa ada ya kufungua shauri la namna hiyo. Haya wengi wa wazazi wetu hawajaambiwa. Tuwaambie tukitoka ibadani, tuwaambie katika vyama vya akina mama, tuwaambie kabla ya Agosti, si Oktoba wakati mtoto amekwisha rudi nyumbani na sanduku lake.

Na barua za kukataliwa zisichanwe kwa hasira. Zihifadhiwe pamoja na daftari, na risiti za faini zibandikwe ndani yake. Ujumbe wa simu uliosema "ombi lako linashughulikiwa" usifutwe pia, kwa kuwa ndani yake mna tarehe na saa, na ni wao wenyewe walioiandika.